Goti Lililolegea na Kano ya Mgonjwa Mwenyewe

Ndani ya goti zimo ligamenti mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja, na hulilinda goti linapogeuka. Mcheza mpira akigeuka ghafla huku mguu umekita chini, yaweza kukatika. Goti huvimba ndani ya saa chache kwa damu. Baada ya wiki kadhaa uvimbe hupungua, majeruhi hudhani amepona, mpaka siku anaposhuka mteremko wa Kibosho au Marangu na mkungu wa ndizi kichwani, goti likalegea ghafla.

Ligamenti hiyo ikikatika kabisa huunga vizuri kwa nadra, kwa hiyo daktari huitengeneza upya kwa kano ya mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi huchukuliwa kano za misuli miwili ya paja, semitendinosasi na grasilisi. Hukunjwa na kushonwa pamoja hata zikawa kamba yenye unene wa milimita 8 hivi, kwani kamba nyembamba hukatika kwa wepesi zaidi. Kisha kamba hupitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye mifupa yote miwili, ikafungwa kwa skrubu au kifungo cha chuma. Wapo wanaopendelea theluthi ya katikati ya kano iliyo chini ya pia ya goti. Hiyo ni imara, lakini huacha maumivu wakati wa kupiga magoti, jambo lisilo dogo kwa mkulima wa kihamba au mtu wa sala.

Kano ya mwenyewe haikataliwi na mwili, wala haihitaji benki ya viungo vya marehemu kama zilizoko Marekani. Hata hivyo, seli zake hufa kwanza, kisha mishipa ya damu huota ndani yake. Katika miezi ya mwanzo kamba huwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa, na ndipo mgonjwa anapojisikia vizuri! Kurudi uwanjani kabla ya miezi 9 ni kuihatarisha.

Si kila goti linahitaji kisu. Utafiti wa Sweden uliotangazwa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121: walioanza kwa mazoezi, upasuaji ukingojea haja, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliopasuliwa mapema. Kwa anayeishi mlimani, mbali na mtaalamu wa mazoezi, habari hii ina uzito, maana mazoezi hayakwepeki kwa njia yoyote ile.

Ajali ya bodaboda ni habari nyingine. Goti likiteguka, ligamenti kadhaa hukatika pamoja, na ateri iliyo nyuma ya goti yaweza kuchanika. Hapo ligamenti husubiri. Mguu ukiwa wa baridi, umepauka au hauna mapigo, majeruhi asichuliwe wala asilazwe nyumbani kungoja asubuhi. Afungwe gango, afikishwe hospitali yenye daktari wa upasuaji, kama KCMC mjini Moshi, kwa sababu damu isiporejeshwa ndani ya saa 6 hadi 8, mguu wenyewe huenda ukakatwa.