Nilimuuzia mteja wa Subaru mafuta ya breki kwenye chupa ya maji

Leo naandika kwa ajili ya wale mnaouza vifaa vya magari kwa simu kama mimi, ila hata wa vipodozi asiruke, kuna mahali patamgusa.

Mimi niko Engutoto, Arusha. Sina duka la mtaani, stoo yangu ni chumba kimoja nyumbani. Nauza oili, plagi, ped za breki na mafuta ya breki, yale mafundi wanayaita breki fluidi. Nilianza na status ya WhatsApp tu, na nilichokuwa najua kuhusu mafuta ya breki ni bei ya jumla na bei ya rejareja. Basi.

Siku moja chalii mmoja akaja inboksi: "Dada, nina Impreza WRX, nataka fluidi ya gari za kukimbia, nusu lita." Nilikuwa na galoni la lita 5, limebaki chini ya nusu, na lilikuwa limefunguliwa miezi kadhaa. Nikachukua chupa safi ya maji ya kunywa, nikammiminia, nikaita bodaboda. Faida yangu ilikuwa shilingi 4,000. Sikumuuliza swali hata moja.

Wiki mbili baadaye akanipigia akiwa kando ya barabara. Alitoka Karatu, anashuka ule mteremko mrefu unaokuja Mto wa Mbu, watu wanne ndani, mwendo wa kijana mwenye Subaru. Kona ya tatu au ya nne pedeli ikazama mpaka chini kama anakanyaga sifongo. Akapunguza gia, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akasimama karibu na ukingo. Hakuna aliyeumia. Cha ajabu, alikaa nusu saa, akajaribu tena, pedeli ikawa ngumu kama kawaida! Akawa anauliza kama aendelee na safari. Nikamwambia asubiri fundi.

Mimi nikaenda Unga Limited kwa mzee mmoja fundi wa siku nyingi. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu, na ile chupa sikuificha. Akaniuliza, "Pedeli ilikuwa ngumu gari ikakataa kusimama, au ilizama?" Nikasema ilizama. Akasema pedeli ikibaki ngumu na gari haisimami, mara nyingi ni ped zimepata moto. Ikizama halafu ikarudi baada ya kupoa, mafuta yamechemka.

Hapo ndipo nilipojifunza bidhaa niliyokuwa nauza mwaka mzima. Mafuta ya kawaida ya breki yananyonya unyevu wa hewani. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka kinashuka. Ukishuka mlima ukikanyaga breki muda wote, joto la diski linapita kwenye kalipa mpaka kwenye mafuta, yanachemka, yanatoa mvuke. Mafuta hayashindiliki lakini mvuke unashindilika, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kubana mvuke badala ya kubana ped. Likipoa mvuke unarudi kuwa kimiminika, dereva anadhani tatizo limeisha.

Namba za kwenye kopo zinatokana na kiwango cha Marekani, FMVSS 116. DOT 3 ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi joto 205, na ikishanyonya maji kiasi cha kipimo, 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5.1 ni 260 na 180. Hiyo namba ya pili ndiyo ya kuitazama, maana gari la mteja halibaki na mafuta mapya milele. Na lile galoni langu lilikuwa linanyonya unyevu likiwa bado stoo, kabla hata ya kuuzwa.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wauzaji wengi tunapotapeli watu bila kujua. DOT 5 SIYO kaka mkubwa wa DOT 4. Ni silikoni, kitu kingine kabisa. Haichanganywi na 3, 4 wala 5.1, na haifai kwenye gari lenye ABS. 5.1 ni ya familia moja na 3 na 4, pamoja na jina lake kufanana na 5. Mteja akiandika "nipe DOT 5" muombe apige picha mfuniko wa kikopo cha breki kwenye gari lake. Mara nyingi imeandikwa pale pale.

Kuna pia mafuta ya mashindano, mengine yanavuka nyuzi 300 yakiwa mapya. Ni mazuri, lakini ni ya mtu anayebadilisha mara kwa mara. Kijana wa Njiro anayeenda kazini na Jumapili anakimbia hadi Usa River, mimi namuuzia DOT 4 nzuri au 5.1, mradi gari lake linaruhusu, na namwambia abadilishe kila baada ya miaka 2 au kama kitabu cha gari kinavyosema. Anayeshuka milima kila wiki awahi zaidi. Kukataa kumuuzia kopo la bei kubwa kunauma, nakubali.

Kubadilisha ni kazi ya fundi, ila muuzaji ujue ili usiuze pungufu. Andaa lita 1, siyo nusu. Nusu lita ni ya kuongezea juu tu, na kuongezea juu ya mafuta machafu hakusaidii kitu. Fundi anatoa ya zamani kwenye kikopo, anajaza mapya, anavalisha mpira kwenye nati ya kutolea upepo, na mwenzake anakaa kwenye pedeli. Fungua, kanyaga, funga, ndipo achia. Wanarudia mpaka yatoke masafi bila povu, gurudumu kwa gurudumu, kwa mpangilio wa gari hilo. Kikopo kisiishiwe katikati, hewa itaingia waanze upya. Yule mzee huweka kipande cha ubao chini ya pedeli ya gari kuukuu isizame mpaka mwisho, isije ikaharibu raba za ndani.

Siku hizi simiminii mtu. Naagiza makopo madogo yenye sili, nampiga picha mteja sili na tarehe kabla bodaboda hajaondoka. Kopo linasimama wima ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu likivuja kwenye tangi la pikipiki linakula rangi, na hiyo gharama utalipa wewe. Na ile chupa ya maji, wenzangu, mafuta ya breki ni sumu. Yalikaa mezani kwangu nikisubiri bodaboda, na nyumbani nina watoto. Hilo lilinikosesha usingizi kuliko hata simu ya kutoka Mto wa Mbu.

Yule kijana nilimrudishia hela yake, nikanunua lita moja mpya na kumlipa fundi. Alikasirika, na hajanunua tena kwangu. Galoni lililobaki nilimpelekea yule mzee akalitupe anapotupa oili chafu. Akacheka, akasema anatafuta kitu cha kubandua rangi ya zamani kwenye geti lake.