Fahamu Sheria: Nani Anaweza Kuwa Notari wa Umma?

Si kila mwenye muhuri ni notari. Nchini Kenya, Sheria ya Notari wa Umma, Sura ya 17, inataka mwombaji awe wakili aliyefanya kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka 5. Huteuliwa na Jaji Mkuu, si serikali ya kaunti.

Notari huthibitisha hasa hati zinazopelekwa nchi za nje. Kwa hati ya kiapo ya kutumika humu nchini, kama ile ya kueleza tofauti ya majina, kamishna wa viapo anatosha.

Mwananchi asitie sahihi akiwa nyumbani. Afike mwenyewe na kitambulisho, aisome hati, kisha aitie sahihi mbele ya wakili huyo. Hati iliyogongwa muhuri bila mwenyewe kuwepo inaweza kumpotezea shamba.