Upinde, Swala na Sheria: Somo kwa Wakazi wa Nakivale

Katika mkutano wetu mmoja huko Nakivale, mzee aliyetoka Kivu alisimama akauliza: kwao baba zao waliwinda kwa upinde na hapakuwa na kesi, hapa kosa liko wapi?

Kosa halimo katika upinde. Uwe wa mti au wa chuma wenye kifyatulio, au iwe ni mkuki au mtego wa waya, Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 huuliza kwanza: kibali kiko wapi? Wanyamapori wamo mikononi mwa Serikali kwa niaba ya wananchi wote, na haki ya kuwinda hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kuitoa, wala sisi polisi.

Mzee hakuridhika. Mbona karibu na Ziwa Mburo wageni huwinda swala pala mchana kweupe? Ni kweli, nasi hatukuficha. Uwindaji huo ulianza kwa majaribio mwaka 2001, katika mashamba ya mifugo yanayopakana na hifadhi. Lakini idadi ya wanyama hupangwa kabla, ada hulipwa kwa kila mnyama, na sehemu ya fedha huifikia jamii. Tunakiri kwamba ada hizo zinamshinda mkulima wa Juru au Rubondo. Malalamiko hayo yaletwe mkutanoni. Mtego wa waya hauyafikishi popote.

Wengi hawajui kwamba sheria haimtazami mwindaji peke yake. Kijana wa bodaboda anayepeleka gunia la nyama ya porini Mbarara, na mama anayenunua vipande viwili kwa kuwa ni bei nafuu, wanaweza kusimama kizimbani pamoja na aliyerusha mshale. Mwaka 2022 mahakama ya Kampala ilimfunga mtu maisha kwa pembe za ndovu. Swala si ndovu, lakini hata kifungo kifupi huwaacha watoto bila mlezi.

Kiboko akikuvamia kando ya Ziwa Nakivale, okoa uhai wako, kisha toa taarifa upesi kituoni au kwa simu 999. Nyama yake si yako.

Mwishowe mzee aliuliza afanye nini na upinde wa marehemu babaye. Tulimjibu autundike ukutani, awasimulie wajukuu. Asivuke nao tu mpaka wa hifadhi.