Je, nimemdekeza kwa kumbeba?

SWALI: Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Akinyimwa kitu hujibwaga chini na kupiga mayowe. Mama mkwe anasema nimemdekeza kwa kumbeba mno. Ni kweli?

JIBU: Hapana, mama. Mtoto mchanga hawezi kujituliza. Hutulizwa na anayemlea, na kidogo kidogo huiga. Mary Ainsworth, aliyechunguza akina mama na watoto huko Buganda mwaka 1954 na 1955, aliona kuwa watoto waliokuwa na hakika na mama zao walilia kidogo na kuthubutu kutambaa mbali nao.

Ila kubebwa peke yake hakutoshi. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky alieleza kuwa maneno tunayomwambia mtoto, “ngoja”, “tunawe kwanza”, baadaye hujiambia mwenyewe kwa sauti, kisha kimoyomoyo. Akijisemesha anapocheza, usimkatize: anajifunza kujitawala. Akikasirika, mtajie anachohisi: “Umeudhika kwa sababu embe limeisha.” Basi. Hotuba katikati ya mayowe ni kazi bure.

Na ahadi zitimizwe. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, lililochapishwa 2013, watoto waliotimiziwa ahadi na mtu mzima walisubiri kitamu kwa wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3 hivi. “Nitakununulia kesho” ya kumnyamazisha tu ina gharama. (Bibi naye aambiwe, kwa adabu.)

Mwisho, kwa kuwa kujitawala huhitaji maneno: kama binti yako bado haungi maneno matatu, mpeleke kliniki; waanze kwa kumpima masikio.