Kuvuna Vipuri kwenye Bodi Kuukuu kwa Pasi ya Umeme

Mwongozo huu unawahusu mafundi wa redio, televisheni na chaja wanaopata vipuri kutoka kwenye vifaa vibovu na hawana bloa. Joto linalofaa kazi hiyo ni la pasi ya umeme, si la jiko la mkaa. Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba hufika karibu nyuzi 200, kisha hujikata yenyewe. Makaa hupita nyuzi 600 na hayana swichi. Bodi huungua, na kemikali za bromini zilizowekwa ndani yake ili isishike moto hugeuka moshi wenye sumu.

Kabla ya joto, ondoa betri zote. Kisha shughulikia ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, kwani hata kifaa kikiwa kimechomolewa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300. Gusisha miguu yake miwili kwa rezista ya waya ya kiloomu 2, wati 10, iliyoshikwa kwa koleo yenye mpini wa plastiki, kwa sekunde 10, halafu pima kwa mita. Wengi huipiga shoti kwa bisibisi. Cheche hiyo huharibu kapasita na inaweza kumrukia fundi machoni. Oveni ya maikrowevu iacheni kabisa: kapasita yake hubeba volti zaidi ya 2,000.

Pasi iwe kavu, bila maji, igeuzwe uso juu na ishikiliwe imara kati ya matofali, waya wake usiguse chuma. Kazi ifanyike nje au penye upepo. Nyoosha kwanza miguu ya vipuri iliyokunjwa, ndipo ulaze bodi, upande wa lehemu ukiwa chini. Lehemu ikianza kung'aa na kipuri kulegea, kivute wima kwa koleo nyembamba. Kisipotoka, usikilazimishe. Anza na vipuri vinavyodhurika upesi, yaani transista na daiodi. Koili na transfoma zinavumilia. Bodi zenye vipuri vidogo vilivyobandikwa juu tu, bila miguu, hulazwa kwa mgongo usio na kitu, joto likapenya hadi juu.

Ugumu uko kwenye vifaa vipya. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya umeme, viwanda vingi vilihamia lehemu ya bati, fedha na shaba, inayoyeyuka karibu nyuzi 217. Hapo pasi husuasua. Dawa yake ni kuongeza lehemu ya kawaida yenye risasi juu ya kila kiungo kwa chuma cha kulehemu; mchanganyiko huo huyeyuka mapema zaidi.

Chagueni cha kuvuna. Transista za nguvu, daiodi, rele, koili na vipoza joto vina faida. Rezista mpya ni rahisi mno kiasi kwamba kuzichomoa ni kupoteza umeme na muda. Kapasita za elektroliti zimeandikwa nyuzi 85 au 105 ubavuni, kwa hiyo juu ya pasi zinaweza kupasuka; zikateni kabla ya kuwasha.

Kila kilichovunwa kipimwe kabla ya kuingia kwenye redio ya mteja. Daiodi ya silikoni isomeke kati ya volti 0.5 na 0.7 upande mmoja, na isisome kitu upande wa pili. Regyuleta ya 7805 ipewe volti 9. Isipotoa 5, itupwe.

Kwa joto hili risasi haigeuki mvuke wa kudhuru. Huingia mwilini kwa vidole vinavyoshika chakula, basi nawa kwa sabuni kabla ya kula. Moshi wa flaksi ndio unaosumbua mapafu, hasa ya mwenye pumu. Watoto na wajawazito wakae mbali, na pasi hiyo isirudi kwenye nguo. Mabaki ya bodi yasichomwe; yawekwe kwenye gunia na kuuzwa kwa mkusanyaji wa taka za umeme mwenye kibali.