Somo la Saba: Kurejesha na Kuongeza Nguvu ya Pikapu Kuukuu kwa Gharama Nafuu

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutambua sababu za kawaida zinazoipunguzia pikapu nguvu, kuipima nguvu hiyo yeye mwenyewe, kupanga matengenezo kwa kuanzia yale yasiyo na gharama, na kuingia makubaliano na gereji pasipo kudhulumiwa.

1. Swali la kuanzia

Pikapu kuukuu ndiyo mtaji wa kaya nyingi nchini Tanzania. Katika barabara kuu ya Morogoro hadi Iringa, pikapu zilizosheheni vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni huupanda mlima Kitonga kwa mwendo wa kinyonga, injini ikinguruma na moshi mweusi ukitanda nyuma. Mmiliki akilalamika kwamba gari halivuti, aghalabu hupewa ushauri wa aina mbili: pampu ifunguliwe iongezwe dizeli, au injini ifungwe turbo. Ushauri wote wawili humtoa fedha nyingi, na waweza kuiua injini aliyokuwa akiitegemea.

Kabla ya kuuliza nguvu itaongezwaje, mlaji hana budi kuuliza swali lililo tangulizi: ile nguvu iliyokuwamo tangu kiwandani imekwenda wapi? Pikapu iliyotumika miaka 25 kwa kawaida imepoteza sehemu ya nguvu yake kidogo kidogo, kwa sababu kadhaa ndogo zilizojikusanya. Kuirejesha nguvu iliyopotea ni rahisi zaidi kuliko kununua nyingine, wala hakuitii injini katika hatari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mfano wetu katika somo hili ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli aina ya 3L. Injini hiyo ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,779. Haina turbo, na pampu yake ya dizeli huendeshwa kimakanika. Ikiwa mpya hutoa takriban nguvu farasi 90. Kanuni zitakazoelezwa zafaa pia kwa pikapu nyingine za dizeli za rika hilo.

2. Nguvu hutokana na nini

Injini ya dizeli huhitaji mambo matatu: hewa safi ya kutosha, dizeli iliyonyunyizwa vizuri na kwa wakati wake, na msongo wa kutosha ndani ya silinda wa kuiwasha dizeli hiyo. Moja likipungua, nguvu hupungua. Tena, nguvu iliyokwisha kuzalishwa yaweza kupotea njiani kabla ya kufika barabarani, kwa sababu ya klachi inayoteleza, breki zinazoshika au matairi yasiyo na upepo wa kutosha.

Lipo pia jambo lisilo la ugonjwa. Kadiri gari linavyopanda kutoka usawa wa bahari ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo injini iliyokuwa na nguvu farasi 90 Dar es Salaam hubakiwa na takriban 76 ifikapo huko, ingawa ni nzima kabisa. Mlaji asikubali kutozwa fedha za kuitibu hali hii, kwa kuwa si ubovu.

3. Pima kabla ya kununua chochote

Asiyepima hawezi kujua kama alichokilipia kimemsaidia. Chagua kipande cha barabara iliyonyooka na tambarare, nje ya makazi, wakati magari ni machache. Injini ikiwa imepata moto wa kawaida, gari likiwa halina mzigo, anza kwa kilomita 30 kwa saa ukiwa katika gia ya nne, kanyaga mafuta hadi mwisho, na abiria ahesabu sekunde hadi gari lifike kilomita 70 kwa saa. Rudia mara tatu, kisha kwa upande wa pili wa barabara mara tatu, upate wastani. Andika tarehe na matokeo katika daftari. Kila utakapofanya tengenezo moja, rudia kipimo hicho mahali palepale. Tengenezo lisilopunguza sekunde halikuongeza nguvu, hata kama gari linanguruma zaidi.

4. Ukaguzi kwa utaratibu

(a) Yasiyo na gharama

Injini ikiwa imezimwa, mwombe mtu akanyage pedali ya mafuta hadi chini, nawe utazame mkono wa pampu ya dizeli. Mkono huo sharti ufike kwenye skrubu inayouzuia. Waya uliolegea, au zulia lililokunjamana chini ya pedali, waweza kukunyima sehemu ya nguvu kwa miaka mingi pasipo mtu kugundua. Kurekebisha waya huo ni kazi ya dakika chache.

Kagua breki. Baada ya safari fupi ambayo hukutumia breki sana, sogeza kiganja karibu na kila ringi bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine yamkini breki yake inashika. Hitilafu hiyo hula nguvu, dizeli na matairi, nayo ni hatari kwenye mteremko.

Kagua klachi. Ukiwa katika gia ya juu kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta kwa nguvu. Mlio wa injini ukipanda ilhali mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Injini yenye nguvu kiasi chochote haitafaa kitu mpaka klachi itengenezwe.

Pima upepo wa matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Tazama pia bomba la eksozi lote. Palipobonyezwa na mawe panaziba pumzi ya injini.

(b) Ya gharama ndogo

Chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi, na dalili yake ni moshi mweusi. Weka jipya lenye ubora. Wapo wanaoliondoa kabisa ili injini “ipumue”. Hilo ni kosa kubwa, kwani vumbi la barabara za udongo husaga ringi na kuta za silinda, na nguvu inayopotea hapo hairudi mpaka injini ifunguliwe.

Filta ya dizeli ikiziba, gari huvuta vizuri tambarare lakini hukata tamaa mlimani, wakati injini inapohitaji dizeli nyingi zaidi. Ibadilishe, mwaga maji yaliyotuama chini yake, na ukague mipira ya dizeli. Palipo na ufa mdogo huweza kuingia hewa pasipo dizeli kuvuja nje.

(c) Yanayohitaji fundi mwenye vifaa

Nozeli zilizochakaa hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu. Zipimwe juu ya mashine, na mlaji ashuhudie. Asiweke mkono mbele ya nozeli inayopimwa: dizeli hutoka kwa msongo unaoweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kupelekwa hospitali mara moja.

Muda wa pampu ukaguliwe, hasa ikiwa nguvu ilipungua baada ya kubadilishwa mkanda wa taimingi. Mkanda uliofungwa jino moja pembeni huifanya injini iwake na kutembea, lakini kwa unyonge. Nafasi za valvu pia zipimwe.

Mwisho ni kipimo cha kompresheni. Mtake fundi aandike tarakimu ya kila silinda na kuzilinganisha na kitabu cha injini hiyo. Ikiwa silinda moja iko chini sana, fedha zako ziende huko. Kununua kitu kingine chochote kabla ya hapo ni kupamba nyumba yenye msingi uliopasuka.

Moshi nao ni shahidi. Moshi mweusi humaanisha dizeli imezidi hewa. Moshi wa buluu humaanisha injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa ya moto huashiria dizeli isiyoungua. Na kama maji ya rejeta yanapungua, huenda gasketi au silinda hedi ina kasoro.

5. Nguvu iliyo katika mzigo na matairi

Tuchukue pikapu ya kilo 1,500 iliyobeba kilo 1,000, ikipanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Kuuinua uzito huo peke yake kunahitaji takriban nguvu farasi 30. Mzigo ukifika kilo 2,000, kwa mwendo uleule, zitahitajika zaidi ya 41. Maana yake ni kwamba kupunguza tani moja ya ziada kunairudishia injini takriban nguvu farasi 12 mlimani. Wakati huohuo springi, klachi na breki hupumzika, na gari husimama vizuri zaidi kwenye mteremko wa kurudi. Safari mbili zenye mzigo halali zaweza kumfaidi mfanyabiashara kuliko safari moja inayoishia kando ya barabara, vitunguu vikioza juani.

Matairi makubwa kuliko ya asili nayo hupunguza mvuto. Tairi lililoongezeka kimo kwa asilimia 10 hupunguza nguvu ya kusukuma gari kwa takriban asilimia 9 katika gia ileile, na hudanganya spidomita: ikionyesha 60, gari liko karibu 66. Kurudia kipimo cha asili ni njia halali ya kurejesha mvuto.

6. Ahadi za kutahadhari nazo

Kuongeza dizeli kwenye pampu. Injini isiyo na turbo ina hewa ile ile. Dizeli inayozidi hewa haiungui yote. Moshi mweusi unaotoka ni fedha ya mlaji inayopeperuka, na joto linaloongezeka hupasua silinda hedi na kuharibu pistoni.

Kufunga turbo. Injini ya aina hii ilibuniwa kwa msongo mkubwa wa takriban 22 kwa 1 bila turbo. Kuifunga turbo kwa usalama hudai pia mfumo wa oili, eksozi, upoozaji na urekebishaji wa pampu. Kazi hiyo haiwezi kuitwa ya gharama nafuu, na ikifanywa nusu huiua injini.

Kifaa cha kompyuta. Pampu ya kimakanika haina kompyuta ya kupokea amri zake. Sumaku za kufunga kwenye bomba la dizeli nazo haziongezi nguvu.

Kubadili injini. Injini ya 5L, ya ukoo huohuo, ina sentimita za ujazo 2,986, yaani karibu asilimia 7 tu zaidi ya 3L. Huweza kufaa ikiwa ya zamani imekufa, si vinginevyo. Kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa katika kadi ya gari. Mabadiliko yasiyosajiliwa huleta utata kwenye bima na siku ya kuuza.

7. Makubaliano na gereji

Taka makisio kwa maandishi, yakitenganisha vipuri na ufundi. Taka urudishiwe vipuri vyote vilivyotolewa. Andikianeni kwamba gari litapimwa kabla na baada ya kazi. Ruhusu tengenezo moja kwa wakati, na usilipie la pili kabla ya kupima la kwanza. Dai risiti ya EFD. Ndiyo ushahidi wako iwapo mgogoro utatokea. Ukiuziwa kipuri bandia, kihifadhi pamoja na kifungashio chake na risiti, kisha utoe taarifa kwa Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pikapu nzima huonekana dhaifu zaidi Iringa kuliko Dar es Salaam?
2. Fundi amekuambia ununue nozeli nne mpya. Ni ukaguzi gani usio na gharama utakaoufanya kwanza, na ni kipimo gani utakachokidai kabla ya kulipa?
3. Gari linavuta tambarare lakini linachoka mlimani, nalo halitoi moshi. Taja sababu mbili za kuchunguza.
4. Chukua daftari, fanya kipimo cha sekunde kwa gari lako, na uandike matokeo. Usinunue chochote mpaka ukurasa huo uwe umejazwa.