Mgeni na Mwenyeji Wasaidiwe Pamoja

Vita vilipozuka tena mjini Juba, Sudan Kusini, mwezi wa Julai 2016, watu wengi walivuka mpaka wakaingia Uganda. Mwezi wa Agosti makazi ya Bidi Bidi yalifunguliwa wilayani Yumbe, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa na wakimbizi zaidi ya 250,000. Wenyeji waliwapa ardhi, maana wengi wao walipata kukimbilia Sudan baada ya serikali ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979.

Lakini wema peke yake hauongezi maji wala kuni. Ikiwa msaada wote humwendea mgeni, mwenyeji huona kijicho, na ugomvi huanzia kisimani. Kwa hiyo Uganda iliweka kanuni kwamba sehemu 30 katika kila 100 za msaada ziwafae wenyeji. Tena wako watu wa kujitolea, wakimbizi na wenyeji pia, ambao hupita nyumba kwa nyumba wakifundisha usafi na kuwapeleka wagonjwa zahanati.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Basi anayetaka kuwasaidia waliokimbia vita na aulize kwanza mambo mawili: Mgeni amepungukiwa na nini? Na mwenyeji wake je?